Matembezi Tanga: Raha ya Mji ni Amana



Mji wa Tanga una msemo wake ambao kila mwenyeji anaujua: "Waja leo waondoka leo." Kila mtu huutafsiri kwa namna yake. Wako wasemao kwamba ni mzaha anaofanyiwa mgeni, adhaniaye kuwa atarudi kwao siku ile ile, kumbe mji utamnogea na safari ataisahau. Na wako wasemao kwamba ni sifa ya mji wa bandari, wenye watu wa kuja na watu wa kwenda. Hatuna haja ya kuamua baina yao. Swali letu ni la wale waliokuja wasiondoke, na wale waliozaliwa papa hapa: Je, mji huu tunaokaa tunaujua? Umewahi kufika Tongoni? Umeingia katika mapango ya Amboni? Na mtoto wako akikuuliza kwa nini barabara za Ngamiani zina nambari badala ya majina, utamjibu nini?

Wengi wetu jawabu letu ni "bado", au "tulipelekwa zamani na shule". Jumapili ikifika ama tunalala mpaka adhuhuri, ama tunahesabu fedha za kwenda kutafuta raha katika mji mwingine ulio mkubwa zaidi, na huku raha yenyewe iko mlangoni petu. Hebu tutoke pamoja, mimi na wewe, tuzunguke mji wetu huu na viunga vyake, na kila tunapopita tuulize waliotutangulia walipita vipi.

MATEMBEZI SI UPUUZI

Ziko nyumba ambazo neno "matembezi" likitajwa wazee hukunja uso, kama kwamba kila atokaye kwenda kujiburudisha amekwenda kwenye maasi. Hayo si katika mafunzo ya dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba sahaba mmoja, Hanzala, alijiona kuwa amekuwa mnafiki, kwa sababu alipokuwa mbele ya Mtume (s.a.w.) moyo wake ulijaa kuikumbuka Akhera, na alipokuwa nyumbani na mkewe na watoto na shughuli za mali yake, alisahau mengi. Mtume alimtuliza, akamfahamisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Na Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, na Wahabeshi walipocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, alimwacha Bibi Aisha atazame mpaka akatosheka. Nayo Qur-ani, katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, inatuamrisha tutembee katika ardhi na tuangalie jinsi uumbaji ulivyoanzishwa.

Basi kutembea kwa mazingatio ni jambo la kheri. Linalobaki ni kujua unatembea wapi, kwa adabu gani, na ni nani aliyelipa gharama ya njia unayoipita.

RAHA ILIKUWA YA NANI?

Tunasema gharama, kwa kuwa raha ya mji huu haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga, nayo ilikuwa ya kwanza katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, alileta miche ya katani kutoka Florida, Marekani. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, ikapandwa katika shamba la Kikogwe, Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba yaliyofunika mabonde kuanzia pwani hadi Korogwe na kupindukia, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka.

Lakini katani haijikati yenyewe. Walitakiwa watu, na wenyeji wa pwani wengi hawakuipenda kazi ile ya miiba. Ndipo wakaletwa watu kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa Rwanda na Burundi. Waliandikishwa kwa nambari, wakaitwa manamba. Mkataba wao ulikuwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ilitiwa alama pale tu ulipomaliza kazi uliyopimiwa. Usipoimaliza, jua limekuchwea bure. Na mshahara haukutoka mpaka siku zote 30 zitimie. Mtu wa kipande hakuwa na mapumziko yake mwenyewe. Saa yake ya kupumzika aliijua nyapara.

Mji nao ukapangwa vivyo hivyo. Upande wa Bombo na Raskazone, penye upepo wa bahari na miti mikubwa, wakakaa Wazungu. Katikati, karibu na soko na bandari, yakawa maduka, mengi yao ya Wahindi. Waafrika wakapimiwa Ngamiani, ng'ambo ya reli, kwa mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Na kwa kuwa aliyeipima alikuwa anahesabu, hakuwa anataja, mitaa hiyo ikaitwa kwa nambari: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka kupita ya ishirini. Hilo ndilo jawabu la mtoto wako.

Kwa hiyo leo kijana wa Ngamiani anapopanda baiskeli yake na kwenda kuoga baharini Raskazone, na ajue kwamba babu yake alipokwenda upande ule huenda alikwenda kwa kazi tu, kufua au kupika au kufyeka bustani ya mtu, kisha akarudi kwake kabla ya usiku. Kile ambacho kwa kijana ni mchezo wa dakika ishirini za baiskeli, kwa babu yake kilikuwa safari isiyo na ruhusa.

BARAZANI

Hata hivyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba wazee walikaa wakilia. Walizichukua zile barabara za nambari wakazitia roho. Kabla ya vita vya 1914 ilikwisha ingia Tanga ngoma ya beni, yenye tarumbeta na sare na vyeo vya kuigiza jeshi, na watu wakagawanyika baina ya Marini na Arinoti wakishindana kwa mavazi na karamu. Masheikh walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu mali nyingi iliteketea katika mashindano yale. Lakini tuwafahamu pia wachezaji. Mtu aliyenyimwa cheo mchana kutwa alijipa cheo mwenyewe siku ya mapumziko.

Baadaye ikaja mipira, na Coastal Union na African Sports zikaugawa mji nusu kwa nusu, nyumba moja baba huku na mwana kule. Mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Tanzania Bara, furaha yake ilikuwa ya mji. Ikaja taarabu, na katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Black Star na Lucky Star viliipeleka sauti ya Tanga pwani yote, na jina la Bi Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, likajulikana mpaka bara. Hatuingii hapa katika hukumu ya muziki, wanavyuoni wamesema yao. Tunachotaja ni kwamba mji uliopangwa uwe wa kulala wafanya kazi, uligeuka kuwa mji wa watu.

Na raha kubwa kuliko hizo zote haikuwa na kiingilio. Ni baraza. Baada ya sala ya alasiri muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe. Hapo patakuwa na kashata, pengine bao, na habari za mji mzima. Asubuhi ni mbaazi za nazi na maandazi, na msimu ukifika ni machungwa ya Muheza yakimenywa njiani. Mama atajifunga buibui lake na kwenda kumjulia hali shoga yake mitaa mitatu mbali, na asiporudi kabla ya magharibi kila mtu anajua kwamba maneno yamekolea. Haya ndiyo maisha ya kila siku ambayo mtu akiwa ughaibuni huyaota.

Lakini baraza ina sharti. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahadharisha masahaba na kukaa njiani. Waliposema kwamba hawana budi, kwani ndiko wanakozungumza, aliwaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tazama jinsi hadithi hii ilivyo ya Ngamiani kabisa! Hakuwafukuza barazani. Aliwapa kazi ya kufanya wakiwa hapo. Baraza inayomtazama binti wa watu mpaka ashindwe kupita, na baraza inayotafuna nyama ya jirani aliyetoka kupita, hizo zimekula haki ya njia.

RASKAZONE NA AMBONI

Tukitoka mitaani, twende kwanza baharini. Tarehe 2 Novemba 1914 zilitokea mbele ya Tanga meli za Kiingereza zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao wametoka Bara Hindi. Wakashushwa upande wa Raskazone. Waliowangoja walikuwa kiasi cha 1,000, wengi wao askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani, na mkuu wao von Lettow-Vorbeck. Tarehe 4 walipigana mashambani na baadhi yao wakafika mpaka ndani ya mitaa ya mji. Nyuki walioghadhibishwa na risasi waliwatoka watu kwa wingi, na mpaka leo Waingereza wanavitaja vita vile kwa nyuki. Tarehe 5 walirudi melini, wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Tanga waliichukua baadaye, Julai 1916.

Unapotandika mkeka wako Raskazone, fikiri kidogo juu ya askari yule wa Kashmir na askari yule Mnyamwezi. Wote wawili hawakuwa na ugomvi. Pengine wote wawili kibla chao kilikuwa kimoja. Waliuana katika mji usiokuwa wa huyu wala wa huyu, kwa amri ya wafalme wa Ulaya. Watoto wako wanaocheza mchangani hapo, usalama wao ni neema inayotaka kushukuriwa.

Siku nyingine elekea kaskazini kwa njia ya Mombasa. Kiasi cha kilomita 8 kutoka mjini utakuta mapango ya Amboni, ambayo maji yaliyachimba katika mawe ya chokaa kwa muda ambao akili haiwezi kuuhesabu. Serikali ya Kiingereza iliyaweka chini ya hifadhi mwaka 1922, na mwaka 1963 yakakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Katika miaka ya 1950 alijificha humo Osale Otango, aliyekuwa akisakwa na serikali ya kikoloni. Ndani ni giza, ubaridi, popo, na mawe yaliyochongeka kila umbo, na kiongozi atakuonyesha kila jiwe na jina lake.

Utaambiwa pia kwamba pango moja linatokea Mombasa, na jingine Kilimanjaro. Wataalamu waliopima mapango kumi mwaka 1994 walikuta kwamba lililo refu kuliko yote ni la mita 900 tu. Hadithi ni tamu, na mtoto asimulizwe, lakini asimulizwe na kipimo pia. Na mahali utakapoona watu wameacha ubani na sarafu wakiomba mzimu, mfahamishe mwanao kwa upole kwamba aliyelichonga pango ndiye anayeombwa, wala si pango.

NJIA YA PANGANI

Matembezi makubwa tumeyaweka mwisho. Shika njia ya kusini iendayo Pangani. Kabla hujaenda mbali utapita Machui, na karibu yake Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, naye alifariki mwaka 1962. Mtu huyu alikuwa karani wa forodha, akaandika usiku baada ya kazi, na leo hakuna anayesoma Kiswahili asiyemjua. Msomee Fatiha, kisha uendelee.

Kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini ni Tongoni. Hapo, karibu na mikoko, pana magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, ya karne ya 14 na ya 15. Baadhi yake yalikuwa na nguzo ndefu za mawe, na juu ya nguzo hizo zilitiwa sahani na bakuli za kigeni kuwa mapambo. Nguzo nyingi zimekwisha anguka.

Wakati mji ule na wenzake vilipokuwa hai, Ibn Battuta alipita katika bahari hii, mwaka 1331, akilala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea Kilwa. Aliyoyaandika juu ya watu wa Mombasa si vita wala dhahabu. Aliandika kwamba ni watu wa dini, chakula chao ni ndizi na samaki, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni pa msikiti pana kisima na kata ya mti, ili aingiaye aoshe miguu na kuipangusa kwenye jamvi. Mtu aliyezunguka dunia, kilichomkaa moyoni katika pwani yetu ni usafi wa mlango wa msikiti.

Na kuna habari nyingine ya Tongoni ambayo yapasa kila mtoto wa Tanga aijue. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokuwa akipanda kuelekea Mombasa, jahazi lake moja, São Rafael, lilikwama katika fungu mbele ya pwani hii. Kitabu cha safari yao kinaeleza kwamba zilikuja mashua mbili za wenyeji, moja imejaa machungwa, nao Wareno wakakiri kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wao wengi wamekwisha kufa, wakaliteketeza jahazi lile hapo hapo kwa kukosa watu wa kuliendesha. Na watu wa mji uliokuwa ukielekea fungu lile, waliouandika kwa jina la Mtangata, ambao ndio Tongoni hii, walikuwa wakiwaletea kuku wa kuuza na kubadilishana kwa mashati na vikuku.

Zingatia, ndugu msomaji. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1505, jamaa za wageni hao waliirudia pwani hii kwa mizinga, wakaiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Lakini mgeni wa kwanza aliyekwama alipokelewa kwa machungwa. Wale waliolala chini ya nguzo zilizoanguka ni watu wa ada hiyo, na chungwa unalolimenya leo njiani lina nasaba katika kurasa za historia ya dunia.

Ukiwa na siku nzima, endelea mpaka Pangani kwenyewe, mji wa mto na minazi, alikonyongwa Abushiri tarehe 15 Desemba 1889 kwa kuwapinga Wajerumani. Ukiwa huna, rudi kabla ya magharibi, umeona ya kutosha.

ADABU ZA MATEMBEZI

Sasa tuseme lililotuleta. Tongoni na Amboni pamehifadhiwa kwa amri ya serikali, lakini amri haitoshi. Nguzo ya Tongoni haiangushwi na chumvi ya bahari peke yake. Huangushwa na mtoto anayeikwea huku baba yake akimpiga picha, na na mtu anayeng'oa kipande cha sahani akakitie kabatini kwake. Pango huharibiwa na anayechora jina lake ukutani. Raskazone huchafuliwa na familia njema kabisa, iliyosali adhuhuri kwa jamaa, kisha ikaacha chupa na mifuko ya plastiki juu ya mchanga na kwenda zake. Tumefundishwa kwamba kuondoa la kudhuru njiani ni sadaka. Kuliweka ni nini?

Basi fanya hivi. Chagua siku moja katika mwezi. Chukua mkeka, maji, na chakula cha nyumbani. Mkalishe babu au bibi mbele katika gari, kwani yeye ndiye kitabu. Ukifika kijijini toa salamu kwanza, umtafute mlinzi wa mahali, ulipe kinacholipwa bila ya kunung'unika. Makaburini nyamaza, uombee, wala usikanyage. Mtume ametuamrisha tuyazuru ili tukumbuke Akhera. Wakati wa sala sali hapo ulipo. Na kabla ya kuondoka kila mtoto aokote takataka zake na za mwenziwe mmoja.

Wazee wetu walihesabiwa siku zao kwa kadi, wakapimiwa mitaa kwa nambari, wakazuiwa upepo wa bahari yao wenyewe. Sisi tumeipata Jumapili na pwani bila ya kipande. Atakayekuja baada yetu atatuuliza tuliviacha katika hali gani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutembea wakazingatia, wakakaa barazani wakaipa njia haki yake, na wakaikabidhi amana kwa wenyewe ikiwa salama. Amin.